Ngazi Hazina Mikono

Mjini Lamu, ukitaka kujua nyumba ipi ina siri
hesabu ngazi zake.
Za Mkomani nyembamba, za chokaa, hupinda gizani,
na kila mwaka hutuhumiwa:
zimemng'oa huyu jino, zimemvimbisha yule jicho,
zimeiporomosha mimba ya Mwanate, miezi mitano.
Ngazi hazijibu.
Hakuna aliyewahi kuzipeleka kwa kadhi.

Mimi ni mkunga. Nakanda matumbo,
najua kichwa kilipo, najua goti,
najua mtoto aliyelala kinyume
na yule aliyekwisha kukata shauri.
Jana akaja Rabia, mwezi wa saba,
akajilaza jamvini, uso ukutani.
Nikapasha mafuta ya simsim viganjani.
Chini ya kitovu, upande wa kushoto,
vidole vinne, rangi ya zambarau iliyoiva,
na cha gumba, peke yake, mbali kidogo.

"Nini hiki?"
"Nimeanguka, somo. Ngazi."

Nikaendelea kukanda.
Ndivyo tulivyozoea: mkono unaona,
mdomo unasema alhamdulillahi.
Mtoto akapiga teke pale pale penye alama
kama jirani agongaye ukuta usiku.

Ndipo nikakumbuka Rabia anakaa Wiyoni.
Vyumba viwili vya udongo na makuti,
kizingiti hakifiki kifundo cha mguu.
Mkeka wa harusi niliutandika pale mimi.

"Rabia, mwanangu. Nyumba yenu haina ngazi."

Kuku akalia uani.
Akaanza kucheka, kisha akaijaza kanga mdomoni.
"Nimeazima," akasema. "Nimeziazima zenu."

Zetu.
Maana nani alimfunda, kama si mimi?
Siku saba ndani, liwa na udi,
nikimwambia sauti yako isivuke dirisha,
ukitaka kulia fungua bomba la maji,
mume akiwaka wewe kuwa majivu,
na ukizaa atatulia.
Maneno haya nilipewa na mama, naye na mamake,
kama sufuria ya shaba yenye tundu:
kila mmoja aliliona,
akaliziba kwa unga, akampokeza mwingine.

Ukizaa atatulia.
Mimi nilizaa watano.
Wangu alitulia siku tulipomfukia.

Nikamfuta mafuta. Nikavaa buibui.
Njiani tuliwapisha punda wawili na mkokoteni wa matofali,
na mama mkwe wake, barazani kwa watu,
akatuita: "Mwendapi? Vumiya mwanangu,
usimtie mtoto aibu hata jina hajapata."
Rabia hakugeuka. Mimi niligeuka,
nikakosa la kumjibu, nikaendelea kutembea.

Hospitali, King'ofndu, benchi refu.
Nesi Kadzo akafungua kitabu cha kliniki,
akaona, akaishika kalamu.
"Nini kimetokea?"

Miaka arobaini nimelijibu swali hili
kwa niaba ya wanawake wa mji huu.
Ulimi ukaondoka wenyewe, wajua njia,
neno likafika kwenye meno.
Nikaliuma.

Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko uchungu wa kuzaa.
Kisha Rabia akasema, "Andika jina."
Akalitaja, Shekuwe, herufi kwa herufi,
polepole,
kama anayemfundisha mtoto kusoma.

Sijui kesho.
Kesho watakuja na halwa na wazee wa pande mbili,
watasema mwanamke ni stara,
watasema tumbo hili ni la ukoo.
Amelala kwangu, chumba cha chini, mlango una komeo.

Nami usiku nilipanda kwenda kulala.
Kwenye ngazi ya sita, ile iliyobeba
kesi ya jino langu mwaka ule,
nikakaa.
Nikaipangusa vumbi kwa ncha ya kanga,
taratibu,
kama mtu aombaye radhi.